Nani Anampima Mtoto? Historia fupi ya vipimo vya akili na haiba katika Katanga na kwa majirani zake

1. Utangulizi

Muuza unga katika soko la Lubumbashi ana kopo lake liitwalo meka. Mnunuzi mzoefu haridhiki na kuliona kopo lile limejaa hadi juu; hupenda kulitazama na kitako chake, kwa maana kitako kilichobonyezwa kuelekea ndani hupunguza unga bila kupunguza bei. Kipimo huaminika pale tu wanaokitumia wanapokijua pande zote, na pale anayepimiwa anapokuwa na haki ya kukikagua.

Makala haya yanahusu vipimo vya aina nyingine, ambavyo kitako chake si rahisi kukigeuza. Navyo ni vile ambavyo wanasaikolojia wamevitumia tangu mwanzo wa karne ya 20 kupima uwezo wa akili wa mtoto na haiba ya mtu. Tunakusudia kueleza vilikotoka, jinsi vilivyofika katika migodi na shule za Katanga, na jinsi vinavyotofautiana. Katika kuvilinganisha tunataka kuonyesha jambo moja: alama anayopewa mtoto si mali ya mtoto peke yake. Ni zao la makutano ya anayeuliza na anayejibu, katika lugha fulani, kwa vifaa fulani, na kwa ajili ya mtu wa tatu atakayeitumia alama hiyo. Asiyeijua historia ya makutano hayo atasoma namba na kudhani amemsoma mtoto.

2. Chanzo cha vipimo

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza elimu ya watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Alfred Binet, mmoja wa wajumbe, alishirikiana na daktari Théodore Simon, na mwaka 1905 wakatoa orodha ya kazi 30 zilizopangwa kutoka nyepesi hadi nzito: kurudia tarakimu, kutaja vitu vilivyomo katika picha, kulinganisha uzito, kueleza maana ya maneno. Lengo lilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet hakuamini kwamba akili ni kiasi kilichowekwa mara moja na kisichobadilika. Katika kitabu alichotoa mwaka 1909 aliwapinga waziwazi walioshika imani hiyo, akapendekeza mazoezi ya kuikuza akili darasani. Alifariki mwaka 1911, kabla ya kuona orodha yake imefanywa nini na wengine.

Mwaka 1912 Mjerumani Wilhelm Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa toleo lake la kipimo cha Binet, ambamo jibu la mgawanyo huo lilizidishwa kwa 100. Ndipo kilipoenea kile tunachoweza kukiita kigawo cha akili: namba moja tu inayodai kusema yote. Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani, na kabla vita havijaisha wanajeshi wapatao 1,700,000 walikuwa wamepimwa kwa makundi. Wasomi walipewa karatasi iliyoitwa Alfa, na wasiojua kusoma pamoja na wageni wasiojua Kiingereza walipewa Beta, iliyotumia picha. Katika picha moja ya Beta mpimwa alitakiwa kuona kwamba uwanja wa tenisi hauna wavu. Mhamiaji kutoka shambani, ambaye hakuwahi kuona tenisi, alihesabiwa amekosa. Hapo tunapata funzo la kwanza: kuondoa maneno katika kipimo si kuondoa utamaduni.

Vipimo vya haiba vilifuata njia nyingine. Mwaka 1921 daktari Mswisi Hermann Rorschach alichapisha mabaka 10 ya wino na kuwauliza watu wanaona nini ndani yake. Mwaka 1935 Christiana Morgan na Henry Murray wa Harvard walitangaza kipimo cha picha zenye watu, ambazo mpimwa huzitungia hadithi: nini kimetokea, wahusika wanafikiri nini, mwisho utakuwaje. Aina ya tatu ni hojaji, yaani orodha ya maswali ambayo mtu huyajibu kuhusu nafsi yake. Yafaa kuzitofautisha aina hizi mapema. Katika kipimo cha uwezo kuna jibu sahihi, na hatari ni kwamba usahihi huo umeamuliwa mahali pengine. Katika mabaka na picha hakuna jibu sahihi, hivyo uzito wote unamwangukia mfasiri wa majibu. Katika hojaji kila kitu kinategemea maneno, na neno la lugha moja si lazima liwe na mwenzake katika lugha nyingine.

3. Vipimo vinafika migodini

Katika Afrika vipimo vilifuatana na shule za kikoloni na kazi ya mshahara. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alitoa mjini Nairobi jaribio la akili lililokusudiwa Waafrika. Mwaka 1939 huko Afrika Kusini M. L. Fick alichapisha utafiti uliodai kwamba uwezo wa Mwafrika wa kuelimishwa una mpaka. Simon Biesheuvel alimjibu mwaka 1943 katika kitabu kizima, akionyesha kwamba watu waliolelewa katika lishe, nyumba na shule zisizofanana hawawezi kulinganishwa kwa kipimo kimoja kana kwamba tofauti pekee kati yao ni rangi. Hata hivyo, Biesheuvel huyohuyo aliongoza taasisi iliyoanzishwa mwaka 1946 ambayo ilitengeneza vipimo vya kuwapanga wafanyakazi wa migodini. Maelekezo yalitolewa kwa filamu isiyo na maneno, kwa kuwa wachimbaji walizungumza lugha nyingi. Tangu mwanzo, basi, mtetezi wa Mwafrika na mpangaji wa nguvukazi waliweza kuwa mtu mmoja.

Katika Katanga mambo yalikwenda sambamba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kutegemea wafanyakazi wa mikataba mifupi waliotoka mbali. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake, ikawataka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto. Badiliko hilo ni muhimu kwa mada yetu. Kampuni yenye watoto huwa na shule, na kampuni yenye shule hutaka kujua ni mtoto yupi wa kufundishwa ufundi, yupi wa kufanywa karani, na yupi wa kuachiwa koleo. Mwaka 1946 kilianzishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Kituo cha Uchunguzi wa Matatizo ya Kijamii ya Wenyeji, kilichojulikana kwa kifupi CEPSI, na jarida lake likawa uwanja wa mijadala juu ya maisha ya kambi na ya miji. Katika miaka ya 1950 kampuni yenyewe ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na elimu, ambako P. Verhaegen na J. L. Laroche waliwapima wanafunzi wa Kikatanga na kuandika juu ya namna ya kutunga vipimo kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 1956 Chuo Kikuu kilifunguliwa katika mji huohuo.

Chombo kilichopendwa kuliko vingine kilikuwa kile cha Mwingereza John C. Raven. Toleo lake la mwaka 1938 lina maswali 60 katika seti tano. Kila swali ni mchoro wenye pengo, na mpimwa huchagua kipande kimoja kati ya kadhaa ili kuliziba kwa kufuata utaratibu wa mchoro. Toleo la rangi la mwaka 1947, lililokusudiwa hasa watoto, lina maswali 36. Hakuna cha kusoma wala cha kuandika, na kwa sababu hiyo wengi waliamini kwamba hapo mwishowe walikuwa wamepata kipimo kisicho na nchi.

4. Ombredane na funzo la kurudia

Kati ya wote waliopima watu Kongo katika miaka ile, André Ombredane ndiye anayestahili kusomwa tena kwa makini. Alikuwa daktari na mwanasaikolojia Mfaransa aliyefundisha katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, na alifariki mwaka 1958. Alitumia kipimo cha haiba na kipimo cha uwezo pia, hivyo kazi yake inaturuhusu kuvilinganisha viwili hivyo mikononi mwa mtu mmoja.

Mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya kipimo alichokiita TAT ya Kongo. Alikuwa ametambua kwamba picha za Murray haziwezi kutumika zilivyo. Ile ya kwanza inaonyesha mvulana mzungu akitazama fidla iliyo mezani; mkulima wa Kongo angeitungia hadithi gani? Kwa hiyo picha zilichorwa upya, zikawekwa watu weusi na mazingira ya Kiafrika. Hiyo ilikuwa hatua mbele. Lakini jina la kitabu lilitangaza kwamba kinachunguza fikra za watu weusi, kana kwamba kuna fikra moja kwa wote, kuanzia mvuvi wa mtoni hadi mfua shaba wa Likasi. Tena picha zilibadilika, ila chumba hakikubadilika. Mpimwa alisimulia hadithi zake mbele ya mzungu, katika nchi ambamo mzungu aliweza kumpeleka gerezani. Mtu akionyeshwa picha ya wawili wanaogombana, na anayesikiliza ni mtu wa serikali au wa kampuni, je, atasema yote yaliyomo moyoni? Hofu, tahadhari na adabu mbele ya mkubwa zingeweza kuandikwa daftarini kama sehemu ya haiba yake, ilhali zilikuwa sehemu ya hali yake. Maria Leblanc, aliyechapisha mwaka 1960 utafiti juu ya haiba ya mwanamke wa Katanga, alilitazama suala kwa upande wa mabadiliko: maisha mapya yanamfanyia nini mwanamke? Swali lake lilikuwa bora, kwa kuwa lilikiri kwamba haiba ina historia.

Kazi ya pili ya Ombredane na wenzake ilifanywa Kasai, miongoni mwa Waasalampasu, kwa kipimo cha Raven cha rangi. Badala ya kuwapima watu mara moja na kuondoka, waliwarudia. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1956 yalionyesha kwamba alama zilipanda kwa kurudia. Zaidi ya hayo, alama za mara ya mwisho zilikubaliana na maoni ya watu wa kabila lao wenyewe, walioulizwa ni nani kati yao mwenye akili, kuliko zilivyokubaliana alama za mara ya kwanza. Naye Laroche mwaka 1959 aliandika juu ya jambo hilohilo la kurudia, safari hii kwa watoto wa Katanga na kwa toleo la mwaka 1938.

Tuutazame ugunduzi huo bila haraka. Ikiwa mtu yuleyule anapata alama zaidi baada ya kukizoea kitu alichowekewa mbele yake, basi alama ya kwanza ilikuwa imepima ugeni. Ilipima penseli, karatasi, meza, mgeni, na wazo geni kwamba mtu mzima aketi peke yake atatue fumbo lisilomfaa yeyote bila kumwuliza jirani. Kipimo kilianza kumwona mtu pale tu mtu alipokwisha kukiona kipimo. Nadhani hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote lililopatikana Kongo katika saikolojia ya wakati ule, na ndilo lililosahauliwa upesi kuliko yote. Wakati huohuo, miaka ya 1955 na 1956, Robert Maistriaux alichapisha maandishi ambayo kichwa chake kilinena juu ya watu weusi waliobaki nyuma katika maendeleo, hali hiyo ilivyo, sababu zake na dawa zake. Kwake alama duni zilikuwa dalili ya ugonjwa. Kwa Ombredane zingeweza kuwa dalili ya kipimo. Tofauti kati ya wasomaji hawa wawili wa namba zinazofanana ndiyo kiini cha makala haya.

5. Lugha ya mpimaji na maana ya akili

Hapa mchunguzi wa Kiswahili ana neno la kusema. Kiswahili cha Katanga kilikuzwa na kambi za kazi, na katika mgodi kilikuwa kwanza lugha ya amri. Mtoto aliyeketi mbele ya mpimaji na kusikia «Tazama», «Weka», «Upesi», alisikia sauti ile ambayo baba yake aliisikia kazini. Tena mwongozo wa kipimo humtaka mpimaji ahesabu dakika, na haraka inahesabiwa kuwa akili. Lakini mzazi yeyote amemfunza mwanawe kwamba haraka haraka haina baraka. Mallory Wober, aliyefanya utafiti Uganda na kuchapisha matokeo mwaka 1974, alikuta kwamba kwa wanakijiji wa Buganda neno obugezi, linalofasiriwa akili, linakwenda pamoja na utaratibu na uangalifu, wala si na wepesi. Mtoto anayefikiri kwanza alikuwa mwenye akili nyumbani na mzito darasani.

Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alienda mbali zaidi. Katika Mkoa wa Mashariki aliwauliza wazee wa vijiji vya Wachewa: ukiwa na jambo muhimu, ungemtuma mtoto yupi, na kwa nini? Majibu yalionyesha kwamba neno nzelu lina sehemu mbili, yaani wepesi wa kuelewa na uaminifu wa mtoto anayetumwa na kutimiza. Wepesi peke yake, bila uaminifu, ni ujanja tu. Msomaji wa Lubumbashi atatambua hapo tofauti anayoisikia kila siku baina ya akili na mayele. Serpell alipolinganisha maoni ya wazee na vipimo vya kisaikolojia, pamoja na maendeleo ya watoto hao shuleni, hakuona upatano. Hapo inaonekana kana kwamba anapingana na Ombredane. Lakini Ombredane aliwapima watu wa kabila moja kwa kipimo walichokwisha kukizoea, na Serpell aliuliza juu ya jukumu, ambalo kipimo hakikuwa na nafasi ya kuliona. Wote wawili wanakubaliana kwamba bila kuwasikiliza wenyeji mpimaji hawezi kujua amepima nini.

Utafiti mwingine wa Serpell, wa mwaka 1979, ni mwepesi kueleweka. Aliwataka watoto wa Lusaka na wa Manchester wanakili maumbo kwa vifaa mbalimbali. Kwa penseli na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya wa kupinda watoto wa Zambia waliwashinda. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti. Yeyote aliyewaona watoto wa Kenya, ya Lubumbashi yetu, wakiunda magari ya waya yenye usukani na magurudumu hatashangaa. Kutokana na mawazo hayo kikatungwa Zambia kipimo kiitwacho Panga Munthu, yaani tengeneza mtu, ambacho Kathuria na Serpell walikitolea maelezo mwaka 1998: mtoto hupewa udongo afinyange mtu. Kilinganishwe na kipimo cha Florence Goodenough cha mwaka 1926, ambamo mtoto huchora mtu kwa penseli na mchoro wake hukaguliwa kwa vipengele 51. Wazo ni lilelile. Kifaa ndicho kilichobadilika, na kwa mtoto ambaye hajashika penseli kifaa ndicho kila kitu.

Nchini Liberia, Michael Cole na wenzake waliwapa Wakpelle vyakula na zana wavipange kwa makundi. Watu wazima waliviweka pamoja vile vinavyotumika pamoja, kama kisu na kile kinachokatwa nacho, wakasema kwamba hivyo ndivyo afanyavyo mwenye busara. Mpimaji alipochoka na kuuliza mpumbavu angefanyaje, wakavipanga mara moja kwa namna ambayo kitabu cha mpimaji kilikihesabu kuwa kipimo cha akili ya juu. Uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya swali.

Kwa upande wa haiba hali si tofauti. Hojaji zinazotumika zaidi duniani leo zimejengwa juu ya sehemu tano za haiba zilizopatikana kwa kuchambua maneno ya lugha za Ulaya, Kiingereza hasa. Amber Gayle Thalmayer na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walianza na maneno ambayo wasemaji wa Kimaa nchini Kenya huyatumia wenyewe kueleza watu. Sehemu zile tano hazikujitokeza kwa ukamilifu wake. Hiyo ndiyo njia ambayo hata wanaleksikografia wa Kiswahili wanaweza kuifahamu: kwanza kusanya maneno, kisha tunga kipimo.

6. Maisha marefu ya namba

Mtu anaweza kuuliza: ya nini kufukua mambo ya miaka ya 1950? Jibu ni kwamba namba hizo hazikuzikwa. Mwaka 2002 Richard Lynn na Tatu Vanhanen walichapisha kitabu kilichoipa kila nchi kigawo chake cha akili. Nchi nyingi za Afrika zilipewa namba kutokana na sampuli chache, na zile zisizo na kipimo chochote zilikadiriwa kutoka kwa jirani zao. Katika kitabu kingine cha mwaka 2006 Lynn aliorodhesha matokeo ya Kongo, yakiwemo yale ya Ombredane na ya Laroche. Hivyo watu walewale ambao wapimaji wao walikuwa wameonyesha kwamba alama hupanda kwa kuzoea waligeuzwa, nusu karne baadaye, kuwa ushahidi wa akili isiyopanda. Mwaka 2010 Jelte Wicherts na wenzake waliyapitia upya matokeo ya Afrika, wakaonyesha kwamba uteuzi wa tafiti ulielemea zenye alama za chini, na kwamba kipimo cha Raven hakiwezi kudhaniwa kuwa kinapima Afrika kitu kilekile kinachopimwa Ulaya.

Ushahidi mwingine watoka Embu, nchini Kenya. Watafiti waliwapima watoto wa vijijini kwa Raven ya rangi mwaka 1984, kisha wakawapima watoto wengine wa mahali palepale mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana. Watafiti, waliotoa matokeo mwaka 2003, walitaja elimu ya wazazi, lishe na afya ya watoto miongoni mwa sababu zinazowezekana. Nchi za Ulaya nazo zilipanda vivyo hivyo katika karne ya 20, kama James Flynn alivyoonyesha katika miaka ya 1980. Damu haibadiliki katika miaka 14. Chakula, shule na picha ukutani hubadilika.

7. Kipimo kinachomrudia mtoto

Haitakuwa haki kumaliza kwa kuvilaani vipimo vyote. Kipo kisa cha Kongo yenyewe kinachotukataza. Katika eneo la Kahemba, mkoani Kwango, familia maskini hula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, na sumu inayobaki ndani yake huleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba konzo hugusa miguu tu. Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao waliwapima watoto wa huko kwa kipimo cha Kaufman, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba watoto wenye konzo wana upungufu katika kumbukumbu na kazi nyingine za akili. La kuhuzunisha zaidi, hata watoto wa eneo hilohilo walioonekana wazima walikuwa chini ya wale wa mahali pasipo na ugonjwa huo.

Kipimo kile nacho kilitoka Marekani. Lakini kilitumika vingine. Mtoto wa Kahemba hakulinganishwa na mtoto wa Brussels. Alilinganishwa na Mkongo mwenzake ambaye maisha yake yanafanana na yake kwa mengi isipokuwa sumu ya muhogo. Na namba iliyopatikana haikusema «hivi ndivyo walivyo»; ilisema «kuna kinachowadhuru, na kinazuilika», kwa kuwa kulowesha na kuanika unga ipasavyo hupunguza sumu. Hapo tumemrudia Binet wa mwaka 1905: kipimo kama taa ya kumtafutia mtoto msaada. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitunga pia kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga kilichoelezwa mwaka 2008, wakitumia vitu ambavyo mtoto wa huko anavijua. Njia ipo kwa anayetaka kuifuata.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kipimo cha uwezo, picha za haiba na hojaji vina udhaifu tofauti, ila vyote vinajibu maswali yaleyale: vinatumia lugha ya nani, kifaa cha nani, mpimwa amepewa nafasi ya kuvizoea au la, na alama itamfaa nani. Historia ya Katanga inaonyesha kwamba mtu aliyeandika namba mara nyingi alikuwa mwangalifu kuliko aliyekuja kuinukuu baadaye.

Kwa sisi tunaoshughulika na Kiswahili, kazi inayobaki haihitaji maabara. Ni kuwauliza wazazi wa Kamalondo, wa Kenya na wa Katuba, wa Likasi na wa Kolwezi, kwa lugha yao wenyewe, ni mtoto yupi wanayemwita mwenye akili, yupi ana busara, yupi ana mayele, na wanamjuaje. Kisha kuyaandika majibu kabla ya kufasiri swali lolote kutoka kitabu cha Kifaransa. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mpimaji asiyejua wenyeji wanaziitaje atakuwa kama mnunuzi aliyepokea meka imejaa bila kutazama kitako.